Kilele cha 1,120 Hz kimetoka wapi? Kuhamisha faili za mtetemo kutoka analaiza moja hadi nyingine

*Swali: Mimi ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha saruji. Tuna feni kubwa ya kuvuta hewa ya tanuri, mota yake ya nguzo nne inaendeshwa na inveta, na kwa sasa inazunguka mara 1,485 kwa dakika (takometa inathibitisha). Nilirekodi mtetemo kwa sekunde 60 kwa analaiza yetu ya zamani, sampuli 51,200 kwa sekunde, sensa ya 100 mV kwa g. Wenzetu wa makao makuu wana analaiza ya kampuni nyingine na programu yao haisomi faili zetu. Nikawatumia WAV, halafu nikawatumia na CSV. CSV ilikuwa kubwa mno, Excel ikagoma, basi kijana wa IT akaniandikia programu ndogo ya kuchukua mstari mmoja katika kila mistari kumi. Sasa ni vurugu. Kwenye WAV wanaona kilele kikubwa 23.2 Hz badala ya 24.75, na kile cha mapanga 12 kiko 278.4 badala ya 297. Kwenye CSV hivyo viwili viko sawa, ila kuna kilele kipya 1,120 Hz ambacho sisi hatujawahi kukiona. Ukubwa nao haukubaliani: mimi nasoma 6.3 mm/s kwenye mzunguko wa kwanza, wao kwa CSV wanapata 61.8, na kwa WAV wanapata 0.001 isiyojulikana ni nini. Mhandisi wao anasema 1,120 ni beringi, tuagize mpya. Je, nibadilishe faili kwa njia gani? Na nikipandisha sampuli hadi 102,400 hawatapata picha safi zaidi?*

Pole kwa vurugu, fundi, na hongera kwa kuandika namba zote. Watu wengi huniandikia "spektra haikubaliani" (spektra ni ile grafu ya ukubwa wa mtetemo kwa kila frikwensi) na kuniacha nibahatishe. Kwa namba zako mambo mengi yanajieleza yenyewe, na nikueleze mapema kwamba hakuna analaiza iliyokosea hapa. Kilichotokea ni mambo matatu tofauti yaliyopewa jina moja, "kubadilisha faili". WAV yako ina lebo isiyo sahihi. CSV yako imepunguzwa bila kuchujwa. Na vipimo vimepotea njiani katika faili zote mbili. Kila moja lina dawa yake, na dawa ya hili haitibu lile.

Tuanze na WAV, maana ndiyo rahisi. Gawanya 23.2 kwa 24.75. Gawanya na 278.4 kwa 297. Zote mbili zinakupa takriban 0.9375, na 0.9375 ndiyo 48,000 gawanya kwa 51,200. Vilele vyote vikisogea kwa uwiano uleule, tatizo haliko kwenye mashine wala kwenye sensa. Faili ina sampuli zako zote kama zilivyorekodiwa, ila kwenye kichwa cha faili pameandikwa kwamba zilichukuliwa 48,000 kwa sekunde. Hiyo ni kasi iliyozoeleka kwenye sauti na video, na baadhi ya programu za kutoa WAV huiandika bila kukuuliza. Mpokeaji anaamini kichwa cha faili, anapanga sampuli zako kwa mwendo wa polepole kidogo, na kila frikwensi inashuka.

Uthibitisho uko mikononi mwako. Fungua WAV hiyo kwenye programu yoyote ya kusikiliza na utazame urefu wake. Ulirekodi sekunde 60, yaani sampuli 3,072,000. Zikisomwa kwa 48,000 zinachukua sekunde 64. Ukikuta 64, kesi imekwisha.

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanasikia "faili ni ya 48,000 na tunataka 51,200", wanabonyeza amri ya kubadili kasi ya sampuli, na programu inatengeneza sampuli mpya kabisa huku ikibakiza kosa lilelile: kilele kinabaki 23.2 Hz, sasa ndani ya faili kubwa zaidi. Unachotaka wewe ni kurekebisha lebo bila kugusa sampuli hata moja. Kwenye Audacity, kwa mfano, menyu ya wimbo wenyewe ina sehemu ya kuandika kasi. Ukiandika 51200 pale, unarekebisha lebo tu. Amri ya kusampuli upya iko kwenye menyu nyingine na kazi yake ni nyingine. Kwenye Python unasoma safu ya sampuli na kuiandika tena ukitaja 51200. Kijana wako wa IT atafanya hilo kabla chai haijapoa. Kasi imekaa kwenye baiti nne za kichwa cha faili, na kwa kuwa ni namba kamili isiyo na desimali, WAV haiwezi kubeba kasi kama 2,560.5. Kwa analaiza zinazotumia kasi za ajabuajabu, hilo lijue mapema.

Sasa tuje kwenye CSV, ambako ndiko kuna hatari ya kweli, kwa sababu faili yenye kosa la namna hii huonekana nzima. Vilele viwili ulivyovitegemea viko mahali pake, mhandisi anaiamini, halafu anaona cha tatu na kukiamini pia.

Ulipochukua sampuli moja katika kila kumi, kasi yako ilishuka kutoka 51,200 hadi 5,120 kwa sekunde. Kasi hiyo inaweza kuonyesha frikwensi hadi nusu yake tu, yaani 2,560 Hz. Kanuni hii Harry Nyquist aliigusa mwaka 1928 na Claude Shannon akaiweka wazi katika andiko lake la 1949. Linaloachwa bila kusemwa ni kwamba mtetemo ulio juu ya 2,560 Hz haupotei kwa sababu umeacha kuwa na nafasi. Unajikunja na kurudi chini, unavaa sura ya frikwensi nyingine, na kuanzia hapo hakuna programu duniani inayoweza kuutofautisha na mtetemo halisi wa frikwensi hiyo. Umewahi kuona video ya daladala ambayo magurudumu yake yanaonekana kuzunguka kinyumenyume huku gari linaenda mbele? Kamera inachukua picha chache kuliko gurudumu linavyohitaji, na macho yanaungaunga vile vipande visivyotosha. Kwenye CSV yako kamera ni ile programu ya kuruka mistari tisa.

Umeniambia mota inaendeshwa na inveta, kile kifaa cha umeme kinachodhibiti kasi ya mota. Inveta nyingi za viwandani hukata umeme kwa frikwensi ya kilohezi chache, na 4,000 Hz ni mpangilio wa kawaida sana. Ukataji huo husikika kama ule mlio mwembamba wa mota, na sensa yako iliyobanwa kwenye nyumba ya beringi huupokea vizuri. Fanya hesabu: 5,120 toa 4,000 ni 1,120. Ndicho kilele chenu.

Sijaiona mashine, kwa hiyo usiishie kwenye hesabu yangu. Rudi kwenye rekodi ya asili, ile ya 51,200, fungua spektra hadi 10 kHz, utazame mambo mawili. Kwanza, je, kuna chochote 1,120 Hz? Umesema hamjawahi kukiona, na analaiza yenu ina kichujio kabla ya kurekodi, kwa hiyo neno lake lina uzito. Pili, je, kuna kilele karibu na 4,000 Hz? Kama kipo, soma mpangilio wa inveta kwenye kidirisha chake ulinganishe. Ukiruhusiwa na watu wa umeme kuibadilisha hadi 3,000 Hz kwa dakika chache, rekodi tena na upunguze kwa njia ileile mbaya: kilele cha bandia kitapanda hadi 2,120 badala ya kushuka. Kitu kinachopanda pale ambapo chanzo chake kimeshuka kimejikunja, hakina maelezo mengine. Angalia pia kwamba 1,120 gawanya kwa 24.75 ni 45.25, si namba kamili. Peke yake hiyo si hoja, maana beringi nazo hazitoi vizidishio kamili vya mzunguko. Lakini nani aliyelinganisha 1,120 na jedwali la beringi yenu? Nahisi hakuna.

Na kuna kinyume kingine kwenye hukumu ya mhandisi. Dalili za mwanzo za beringi kuharibika hujitokeza kwenye frikwensi za juu, kilohezi kadhaa, pale ambapo kila mgongano mdogo ndani ya beringi huitikisa nyumba yake kama kengele. CSV yenu imeiharibu sehemu hiyohiyo. Katika faili zote mlizonazo, ile ndiyo isiyoweza kutoa ushahidi wa beringi kwa upande wowote: haiwezi kuitia hatiani wala kuiachia. Anayetaka kujua habari za beringi afanye uchambuzi wa bahasha ya mawimbi, unaofuatilia jinsi ukubwa wa mtetemo wa frikwensi za juu unavyopanda na kushuka, kwenye rekodi ya 51,200.

Basi kupunguza sampuli hufanywaje? Unachuja kwanza, kisha unaruka. Kichujio kinaondoa kila kitu kilicho juu ya kile ambacho kasi mpya inaweza kubeba, na baada ya hapo kuchukua moja katika kumi hakuna madhara, kwa sababu hakuna kilichobaki cha kujikunja. Amri ya "decimate" ya MATLAB na ile ya SciPy (maktaba ya hesabu ya Python) hufanya yote mawili kwa pamoja. Amri ya kukata safu kwa kuruka hufanya la pili tu, na mtu asiyetoka kwenye fani hii haoni tofauti. Simlaumu kijana wa IT, alifanya alichoambiwa.

Kichujio nacho hakikati kama kisu. Kina mteremko, na ndiyo maana analaiza za mtetemo zimezoea namba 2.56 badala ya 2. Ukitaka kuona hadi 20,000 Hz, analaiza inachukua 51,200. Ukitaka hadi 1,000, inachukua 2,560. Sampuli 1,024 hukupa mistari 400 ya spektra badala ya 512, kwa sababu ile ya juu kabisa iko kwenye mteremko na haiaminiki. Tumia kipimo hichohicho unapopunguza mwenyewe: faili ya 5,120 iaminike hadi 2,000 Hz, si 2,560. Na kipande kidogo cha mwanzo na mwisho wa rekodi kitupe, maana pale kichujio kinakuwa hakijapata sampuli za kutosha upande mmoja na hutoa mawimbi yasiyokuwepo.

Kama programu ya wenzenu kweli inakubali 48,000 peke yake, hiyo nayo inawezekana. Uwiano wa 48,000 kwa 51,200 ni 15 kwa 16. Programu huongeza sampuli mara 15, inachuja, kisha inachukua moja katika kila 16. Kwenye SciPy ni mstari mmoja, resample_poly ukiipa 15 na 16, na programu ya sauti ya SoX hufanya vizuri pia. Kuna amri nyingine ya SciPy, resample tupu, inayopitia FFT (hesabu ya kugeuza mawimbi kuwa spektra). Hiyo huchukulia kwamba mwisho wa rekodi unaungana na mwanzo wake. Mtetemo wa feni hauna adabu hiyo, kwa hiyo kingo huchafuka. Kwenda 44,100 inakuwa 441 kwa 512, kazi nzito zaidi kwa kompyuta lakini si tatizo. Kwa uzoefu wangu, hata hivyo, mara nyingi hitaji lenyewe halipo. Waulize wenzako kwanza: "Programu yenu inakataa 51,200, au hamjawahi kujaribu?"

Swali lako la 102,400 nalijibu kwa ufupi: hapana. Kupandisha sampuli hakuongezi habari. Programu itajaza katikati ya sampuli zako kwa kukadiria mkondo unaopita humo, faili itakuwa mara mbili, na juu ya 25,600 Hz patakuwa patupu. Labda unachotafuta ni spektra yenye mistari iliyokaribiana zaidi, uweze kutenganisha vilele vilivyobanana. Hiyo haitoki kwenye kasi ya sampuli. Inatoka kwenye urefu wa kipande unachokichambua. Ukichambua sampuli 2,048 za faili ya 51,200, mistari yako iko mbalimbali kwa 25 Hz, na kilele chako cha 24.75 kinamezwa. Ukichukua sampuli 51,200, yaani sekunde nzima, mistari inakaa kila Hz 1. Sekunde nne, robo Hz. Una sekunde 60, zitumie. Nimeona watu wakipunguza sampuli kwa sababu hiyo tu, kupata mistari myembamba, na kujiletea vilele vya bandia bure.

Ukubwa wa mtetemo sasa. Wa CSV ni rahisi: 61.8 gawanya kwa 6.3 ni 9.81. Umeandika safu ya mchapuko kwa m/s², wao wameisoma kama g, na g moja ni 9.81 m/s². Kilele chako cha mzunguko wa kwanza, kile cha 24.75 Hz, ni karibu 0.1 g, yaani 0.98 m/s², ukigawa kwa 2π mara 24.75 unapata 6.3 mm/s. Wao wameiona 0.98 wakaichukua kuwa g 0.98. Kichwa cha safu kingesema "m/s²" tusingefika hapa. Siku nyingine mtatofautiana kwa 1.41, na hiyo itakuwa mmoja anasoma RMS (mzizi wa wastani wa miraba) na mwingine kilele, ikiwa 2.83, mmoja anasoma kutoka kilele cha juu hadi cha chini. Namba hizi tatu, 9.81, 1.41 na 2.83, zikariri. Zinaeleza ugomvi mwingi kati ya idara za matengenezo.

Wa WAV una maelezo marefu kidogo. WAV ilitengenezwa kwa ajili ya sauti, na sauti haina g wala mm/s. Sampuli zake zikifunguliwa husomwa kati ya −1 na +1, na 1 maana yake ni "mwisho wa uwezo wa chombo". Kama ingizo la analaiza yenu lilipangwa ±10 V, basi 1 ni volti 10, na kwa sensa ya 100 mV kwa g hiyo ni g 100. Kilele chako cha 0.1 g kinakuwa 0.001, namba ileile waliyoipata. Kwa hiyo faili iko sawa, ila haina maana mpaka umtumie mwenzako ujumbe: "zidisha kwa 100 upate g". Kama ingizo lako halikuwa ±10 V, tafuta namba yake kwenye mpangilio wa analaiza. Usiruhusu mtu aifungue faili kwenye programu ya muziki na kubonyeza amri ya kusawazisha sauti, kwa sababu baada ya hapo namba ya kuzidishia haipo tena popote.

Kuhusu biti: ukitoa WAV ya biti 16 kwa mpangilio huo, hatua moja ndogo kabisa ni g 0.003. Mzunguko wa kwanza wa 0.1 g hautadhurika, lakini mitetemo midogo ya beringi ya g 0.005 itakuwa imeandikwa kwa hatua mbili tu, sawa na kupima unene wa karatasi kwa rula ya shule. Toa biti 24 au 32. Na WAV ya kawaida inaishia gigabaiti 4: chaneli nne za biti 24 kwa 51,200 hujaza nafasi hiyo kabla ya saa mbili kutimia, na baadhi ya programu hukata bila kusema.

Na Excel je? Ukurasa wake una mistari 1,048,576, ambayo kwa kasi yako ni sekunde 20.48 kamili. Ndiyo maana iligoma. Wengine huipuuza ile onyo, wanahifadhi, na theluthi mbili za rekodi zinakwenda na maji. Nimeona pia CSV ambazo safu ya muda imeandikwa kwa desimali nne: 0.0000, 0.0000, 0.0000, 0.0001. Sampuli zako zimepishana kwa sekunde 0.00001953125, kwa hiyo mistari kadhaa inapata muda uleule, na programu inayokokotoa kasi kutoka mistari miwili ya kwanza inagawa kwa sifuri. Ukilazimika kutumia CSV, acha safu ya muda kabisa; andika juu "sampuli 51200 kwa sekunde, m/s²" na uweke safu ya mtetemo peke yake. Angalia pia desimali iwe nukta, maana kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa au Kijerumani huandika koma.

Ningekuwa mimi, ningeanza na faili ya UFF aina ya 58. Ni ya zamani, ilitokana na kampuni ya SDRC ya Marekani, na analaiza nyingi za mtetemo huiandika na kuisoma. Inabeba kipimo, jina la chaneli, mwelekeo wa sensa na hatua ya muda ndani ya faili yenyewe, kwa hiyo mpokeaji hana haja ya kukupigia simu. Ina kasoro moja ninayopenda kuwatajia watu: hatua ya muda huandikwa kwa tarakimu chache, kwa mfano 1.95313E-05, na ukiigeuza unapata 51,199.87 badala ya 51,200. Kwa spektra ya feni hiyo si kitu. Kwa rekodi ya saa nzima inayolinganishwa na chombo kingine, ni milisekunde 9 za kupotoka.

Na hilo linanileta kwenye jambo ambalo hukuuliza lakini litakufikia, kwa sababu wenzako wataleta analaiza yao hapo kiwandani na mtarekodi kwa pamoja. Vyombo viwili vina saa mbili. Saa zikitofautiana kwa sehemu 50 katika milioni, kiasi kidogo tu, baada ya saa moja ziko mbali kwa sekunde 0.18, na katika muda huo feni yenu imezunguka zaidi ya mara nne. Kusampuli upya kwa uwiano wa namba za kwenye karatasi hakurekebishi hilo, maana namba za karatasi zote zinasema 51,200. Mkitaka kulinganisha fezi (wimbi moja limetangulia jingine kwa kiasi gani) kati ya chaneli za vyombo viwili, peleka ishara ya takometa moja kwenye vyombo vyote viwili na muitumie kuoanisha. Ishara hiyo ya takometa usiipitishe kwenye kichujio pamoja na zile nyingine: mpigo wake wa mraba ukichujwa hupata mawimbi pembeni, na programu itahesabu mizunguko ambayo haikuwepo. Toa kwanza nyakati za mipigo kwenye kasi ya asili, ndipo upunguze chaneli za mtetemo.

Kabla ya kutuma faili nyingine yoyote, tafuta kile kitikisa-sensa cha mkononi. Vingi hutoa 159.2 Hz kwa mchapuko wa 10 m/s² RMS, na namba hiyo haikuchaguliwa kwa bahati: kwa frikwensi hiyo kasi inakuwa 10 mm/s na msogeo mikromita 10, kwa hiyo ukipotea popote unajua umepotelea wapi. Rekodi nusu dakika, geuza faili kwa njia ileile utakayotumia kwa feni, tuma, na waulize wenzako wanasoma nini. Wakisema 149.2 Hz, lebo ya WAV bado ni 48,000. Wakisema 98 m/s², ni g. Wakisema 14.1, wanasoma kilele. Faili hiyo ndogo ihifadhiwe pamoja na kila rekodi mnayopeana, na rekodi ya asili ya analaiza isifutwe kamwe, hata kama ni umbo ambalo hakuna anayeweza kulifungua isipokuwa nyinyi. Kama analaiza yenu ya zamani ilihifadhi spektra bila mawimbi ya asili, kwa rekodi hizo hakuna cha kusampuli upya. Peleka namba za spektra pamoja na aina ya dirisha (namna kingo za kipande zilivyofifishwa kabla ya kuchambuliwa) lililotumika, na muishie hapo.

Kuhusu kumwita mtu aje. Kugeuza faili hakuhitaji mgeni. Lakini 6.3 mm/s ni namba ya kushughulikiwa, na katika haya makelele ya 1,120 naona imesahauliwa. Kwa mashine kubwa za zaidi ya kilowati 300 kwenye msingi mgumu, viwango vya ISO 10816-3, ambavyo sasa vimechukuliwa na ISO 20816-3, viliweka 4.5 kama mwanzo wa eneo la kutofaa kuendeshwa kwa muda mrefu na 7.1 kama mwanzo wa eneo la hatari. Kwenye msingi unaonesa mipaka hiyo ni 7.1 na 11. Viwango hivyo hupimwa kwa jumla ya mtetemo wa ukanda mzima, na nyinyi mmefika 6.3 kwa mzunguko wa kwanza peke yake. Feni ya kiwanda cha saruji ikitetema kwenye mzunguko wa kwanza, kabla ya kuishuku beringi mimi ningeuliza mapanga yalisafishwa lini. Vumbi hujijenga upande mmoja, hubanduka kipande, na mzani unapotea.

Ikizidi 7.1, au ikipanda kutoka zamu hadi zamu, au joto la beringi likipanda pamoja nayo, usisubiri majibu ya makao makuu: msimamizi aamue kuhusu kuisimamisha. Mkishaisafisha na mtetemo ukabaki palepale, mwiteni mtu mwenye cheti cha ISO 18436-2 daraja la tatu, au mtaalamu wa kusawazisha feni papo hapo, aje na takometa yake apime fezi pande zote mbili na kwenye miguu ya msingi. Kulegea kwa boliti na kukosa mzani hufanana sana kwenye spektra, na faili haiwezi kumaliza ubishi huo. Atakapokuja mpe rekodi ya asili, ya kitikisa-sensa, mpangilio wa ingizo la analaiza, mpangilio wa inveta, na namba iliyoandikwa kwenye beringi. Hiyo CSV ya kumi-kwa-moja usimpe.